Kifua Nairobi, Miguu Kisumu

Jumanne, 4 Machi. Nairobi.

Miguu imekufa. Jana Stacy, kocha wa jimu iliyo karibu na ofisi yetu Upper Hill, alinichuchumaza na chuma mabegani mpaka magoti yakatetemeka mbele ya watu. Leo asubuhi nimeingia chooni. Nyumba yangu ya Dagoretti ina choo cha kuchuchumaa. Kushuka nilishuka. Kuinuka ikawa maombi. Mama Mwihaki, mwenye nyumba, alinitoa kwa kunivuta mkono huku akitazama ukutani kwa heshima. Sirudii tena!

Lakini nguvu nazitaka. Jumamosi ya tarehe 22 naenda Bungoma kwa kina Nasimiyu kuanza mazungumzo ya mahari. Siku hiyo nimeingoja miaka mitatu. Nasimiyu ni mwalimu Kisumu, nami kampuni ya bima imenigawa kama mkate: mwanzo wa wiki Nairobi, mwisho wa wiki Kisumu. Shida ni Fidel, aliyemwoa dada yake mkubwa. Fidel anafanya kazi kichinjioni, hapa hapa Dagoretti. Hubeba nusu ng'ombe begani huku akiongea kwa simu. Wakwe wanampenda mpaka inachefua.

Ijumaa, 7 Machi. Kisumu.

Nimepata dawa! Kocha wa huku anaitwa Isaiah. Aliniuliza Nairobi nimefanya nini. Nikasema miguu, miguu pekee. Akanihurumia, akanipa mazoezi ya kifua. Jumatatu nitamwambia Stacy kwamba miguu ni kazi ya Kisumu, naye atanipa kifua. Makocha wawili, hakuna anayemjua mwenzake. Kazini mimi huchunguza madai ya watu waliogongwa na magari, kwa hiyo najua uongo mzuri unavyojengwa. Usiseme mengi.

Jioni Nasimiyu aliniuliza kwa nini natembea mikono imetanuka kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Nikamwambia ni misuli. Akacheka sana, kupita kiasi. Kisha akanisihi: kwao nisijionyeshe, niwe mtulivu, niketi vizuri, nisalimie wazee. Na nikumbuke mwiko wa kwao, mkwe haanguki mbele ya mama mkwe. Nani ataanguka? Hata sinywi.

Utulivu! Fidel hakupendwa kwa utulivu.

Jumatano, 12 Machi. Nairobi.

Kifua kinaitikia. Saa ya chakula niliteremka River Road nikanunua shati linalobana, saizi ya kijana wa sekondari. Muuzaji alinishauri nichukue kubwa kidogo. Hajui kitu.

Stacy ana shaka. Anasema juu nimekuwa mwanamume, chini nimebaki kuku. Anataka namba ya Isaiah wapange kazi yangu pamoja. Nimempa namba ya Okinyi, mwenzangu wa ofisini mwenye sauti nzito. Nimemwagiza Okinyi ajifanye kocha, aseme tu miguu iko sawa, akate simu.

Jumanne, 18 Machi. Nairobi.

Okinyi ni adui! Amemwambia Stacy kwamba nikichuchumaa Kisumu, watu huacha vyuma vyao waje kutazama. Stacy akafurahi. Akanipeleka kwenye chuma alichokuwa akitumia Vidhi, dada wa benki ya ghorofa ya tatu, mwembamba, mpole, asiyejua kuchoka. Hata hakupunguza uzito. Nikaona hatari. Nikashika goti, nikapiga yowe. Nimekataa madai mengi ya magoti maishani mwangu, na sijawahi kuona goti lililouma vizuri kama langu.

Stacy hakudanganyika. Alikunja mikono akasema, "Ogu, hizo miguu si za kupamba suruali. Siku moja zitakuangusha mahali hutaki."

Wivu. Amegundua kwamba kifua hiki ni cha Isaiah kuliko chake.

Jioni Nasimiyu alipiga simu. Fidel atakuja Jumamosi na amejitolea kubeba zawadi ya mama, gunia la sukari. Thubutu! Sukari nimenunua mimi. Nitaibeba mimi.

Jumamosi, 22 Machi. Bungoma mjini, nyumba ya kulala wageni.

Niandike tu, yaishe.

Tulifika vizuri. Wazee wameketi, kina mama wanaimba. Fidel alishusha gunia kwenye gari, akaniuliza chinichini kama tulishike wawili. Nikakataa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Akaniwekea begani. Na nilivuka uwanja wote! Kifua mbele, shati limebana, nikamsikia mama mmoja akisema kumbe huyu naye ana nguvu. Ilikuwa raha.

Mlangoni kuna ngazi ya saruji. Moja tu. Mguu wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulikataa. Niliketi, kisha nikalala, sukari juu yangu, kichwa miguuni pa mama mkwe, aliyesimama kando ya mlango. Shati likapasuka mgongoni.

Nyimbo zilikatika. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso akaingia ndani. Mzee Wanyonyi, amu yake Nasimiyu, akasema kwa upole kwamba mazungumzo yamekwisha. Hakuna mahari itakayotajwa mpaka kondoo aletwe kuisafisha nyumba. Fidel akadai ni yeye aliyenisukuma. Kila mtu alimwona kule kwenye gari. Hata kuongopa hajui, na nilimchukia zaidi kwa kujaribu.

Nasimiyu alinisindikiza hadi langoni. Alikuwa analia.

"Mimi sikuitisha misuli, Ogutu," alisema. "Nilitaka tu usimame kwetu, watu wakuone."

Iliniuma, na inaniuma ninapoandika.

Jumatano, 26 Machi. Nairobi.

Nasimiyu amepiga simu. Baba yake amekubali nirudi baada ya Pasaka. Mara moja tu. Nikiharibu tena, shangazi zake wana mwalimu mkuu wa Webuye, aliyefiwa na mke, ana ng'ombe na adabu. Nasimiyu alisema hamtaki huyo mwalimu mkuu. Alisema pia kwamba amechoka kunitetea.

Fidel amenitafutia kondoo, mkubwa, mnene, mtulivu. Hataki shukrani. Jana alikuja mpaka kwangu kunieleza utaratibu: nimshike kamba, niingie naye polepole, nimkabidhi mzee, nirudi nyuma nikiwa kimya. Alirudia mara mbili kwamba kondoo anatembea mwenyewe.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwelewa vizuri sana. Anataka kina mama wale wanione nikivutwa na kondoo, ili yeye abaki mwanamume peke yake katika boma lile.

Kondoo nitambeba mabegani. Kutoka barabarani mpaka mlangoni, na ile ngazi nitaipanda naye. Shati jipya nimeshanunua, linabana kuliko la kwanza. Leo nimefanya kifua. Kesho, Kisumu, mikono.