Kung'oa ni Kung'oa

Napenda kuutangazia umma kwamba Kurugenzi ya Kurahisisha Elimu, chini ya uongozi wangu, imekomesha uzembe wa kusomea jambo moja miaka mitano. Ukishashika kiini cha jambo, mengine ni mapambo. Kwa hiyo, kwa Waraka Namba Tisa, niliagiza kila fani ichujwe hadi kibaki kiini chake tu. Kiini cha udaktari wa meno ni kung'oa. Seremala naye hung'oa misumari mchana kutwa. Basi daktari wa meno akahamishiwa karakana, seremala akavishwa koti jeupe. Semina ilichukua siku mbili, pamoja na chai.

Wiki ya tatu gego langu likaanza kupwita. Shavu likavimba kama andazi. Nikaenda zahanati, kifua mbele.

Seremala alichungulia, akaligonga jino kwa ukucha, akaweka koleo chini.

"Bosi, hili siliwezi."

"Semina hukuhudhuria?"

"Nilihudhuria, na cheti ninacho. Lakini nikikosea msumari, ubao haulii. Wewe nimekugusa tu, tayari umesimama juu ya kiti."

Nikampa onyo kali kwa upungufu wa fikra dhahania, kisha nikatoka mbio hadi karakana.

Daktari alikuwa akipiga randa mlango, nywele zimejaa maranda.

"Daktari, niokoe!"

"Pole sana, Mkurugenzi. Ila kurudia fani ya zamani ni kosa. Kifungu cha sita. Mimi siku hizi ni fundi milango."

"Nakuamuru!"

"Kwa mdomo? Kifungu cha saba kinataka maandishi, na sababu ielezwe."

Maumivu yakapanda hadi sikioni. Karatasi hapakuwa na hata kipande. Nikanyakua penseli yake, nikaandika sababu juu ya kipande cha mbao. Akaisoma polepole, midomo ikitingishika.

"Weka sahihi."

Nikaweka.

"Na cheo, tafadhali."

Nikaweka na cheo, machozi yananitoka.

Tukarudi zahanati. Alinawa mikono, akanidunga sindano ya ganzi, akaling'oa bila mimi kujua. Seremala alimshikia taa, akitazama kwa makini kama mwanafunzi.

Asubuhi nilikuta ule ubao umepigiliwa juu ya mlango wa Kurugenzi, umenyooka, kazi ya fundi hasa: "JINO SI MSUMARI. Mkurugenzi."

Mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kusoma waraka wangu hata mmoja, aliusoma wote, akavua kofia.

"Hapo, bosi," akasema, "leo umetumia akili."