Tyubu za Nzigire na Choa cha Bugarama

Jumanne, 2 Machi 1999
Bugarama. Wakulima wa mpunga wote wanajikuna! Choa viunoni, mapajani, shingoni. Mimi Cassien, niliyezaliwa uhamishoni Bukavu na kurudi Rwanda mikono mitupu, hatimaye nimepata kazi. Nzigire, mchuuzi wa Bukavu, ananivushia kutoka Kongo, kwenye mpaka wa Rusizi II, tyubu za pomadi ya kung'arisha ngozi. Nabandua karatasi zake, nabandika yangu: DAWA YA CHOA. Védastine, muuguzi wa zahanati, anasema si dawa. Wivu!

Jumamosi, 6 Machi
Ushindi. Mugabo, msimamizi wa kinu cha mpunga, hajikuni tena. Siku tatu tu! Védastine anawapaka watu wiki nne, na bado anawakataza kurudia nguo zenye unyevu. Nani ana nguo mbili? Binti yangu Bella ana duara shavuni. Nimempaka mwenyewe. Nitampaka asubuhi na jioni. Baba ni baba.

Jumatano, 24 Machi
Balaa. Duara la Bella lilififia, kisha likarudi na ndugu zake. Limekaribia jicho. Shuleni anakaa benchi peke yake. Mugabo naye amekuja, akafunua tumbo mbele ya wateja. Ramani nzima! Nikamwambia ni uchafu unatoka. Hakucheka mtu.

Ijumaa, 26 Machi
Mke wangu Kamikazi amempeleka Bella kwa Védastine. Nikafuata nyuma ili nibishane naye. Muuguzi akakwangua shavu taratibu, akadondoshea dawa yale magamba, akaniita kwenye hadubini. Nyuzi nyuzi, zenye matawi.
“Papa Bella, hii pomadi yako haiui choa,” akasema. “Inanyamazisha ngozi tu. Choa kinaendelea kula bila kelele.”
Vidonge, wiki sita. Ni kopo la mwisho la zahanati, na wateja wangu wamejaa barazani kwake wakisubiri zamu.
Njiani Bella akaniuliza, “Papa, ulikuwa unajua?”
Nikasema jua la leo ni kali.

Jumatatu, 29 Machi
Bella hataki nimguse. Vidonge anapewa na mama yake. Watoto hawana shukrani! Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona: watu wanamheshimu Védastine kwa sababu anachungulia kwanza. Leo nimeazima lenzi ya fundi saa. Nitachungulia, nitaguna, nitatikisa kichwa. Kesho Nzigire analeta tyubu nyingine. Anasema hizi ni kali zaidi.