Sumaku Kiunoni, Mama Mkwe Getini

Leo nimefunguliwa pamoja na geti.

Sikufunguliwa geti, la. Geti lilifunguliwa nami nikiwa nimebandikwa juu yake, mgongo kwenye chuma, mbele ya mtaa mzima wa Kalerwe. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwa sababu kiuno kinawaka moto. Anayemjua mamangu kule Bungoma, tafadhali afunge mdomo.

Mnajua mimi ni fundi wa redio na spika hapa Nakivubo. Mnajua pia nampenda Prossy, na kwamba babake, Mzee, hanipendi sana. Si mtu mbaya. Anasema tu kuwa fundi wa redio ni mtu anayekaa akiomba vitu vya wenzake viharibike. Juzi juzi akanipa mtihani. Nyumbani kwao stima hupotea karibu kila jioni. Nikiweza kuwasha hata taa moja ya sebuleni kwa akili zangu mwenyewe, atapanga siku ya kwanjula, ile sherehe ambapo binti anamtambulisha mchumba kwa wazazi. Bila kwanjula hapa Buganda huna mke, una rafiki. Nikishindwa, alisema, nisikanyage pale tena.

Basi nikaamua kutengeneza mtambo wa upepo. Si ule wa pangaboi kubwa kama wa kwenye picha. Wangu unasimama wima: pipa la plastiki nimelipasua katikati, nusu moja inatazama huku, nyingine kule, upepo ukija kutoka popote linazunguka. Na halikai juu ya beringi. Linaelea! Sumaku chini, sumaku juu, nyuso zinazofanana zikitazamana. Zinachukiana, kwa hiyo pipa zima linakaa hewani bila kugusa kitu. Pembeni nimezungusha koili za waya wa shaba. Sumaku zikipita mbele ya koili, stima inatoka.

(Mara ya kwanza lilielea vizuri, halafu likaruka kando likavunja thamosi ya jirani. Nikaongeza chuma katikati cha kuliongoza. Thamosi nitamnunulia.)

Lakini sumaku za spika zilikuwa dhaifu. Taa ilikuwa inawaka kwa aibu, kama inayoomba ruhusa. Nikamwendea Mkongo mmoja anayeuza vyuma, akanipa sumaku nyeupe zinazong'aa, nene kama kipande cha sabuni. Akaniambia nisiziweke karibu na kitu chochote ninachokipenda. Nikadhani ni maneno ya biashara.

Leo ndiyo siku Mzee alisema nipeleke mtambo. Pipa na koili nilizitanguliza jana na gari la mizigo. Zikabaki sumaku. Sasa, nani anatembea Nakivubo na kitu cha thamani mfukoni? Hapa ukikohoa tu, simu imehama. Kila mtu mwenye akili hufunga mali yake kiunoni. Nami nikachukua leso ndefu ya kujifunga, nikaishona vijumba vijumba, kila sumaku na chumba chake, katikati vipande vya mbao zisigombane. Nikajifunga juu ya suruali, shati nikaliachia nje. Fundo nikaliweka mgongoni, maana mbele kitambi hulifungua. Mshipi wa ngozi nikauvua, kwa kuwa bizimu lake la chuma liliruka likanifinya tumbo. Leso ikawa ndiyo mshipi. Nikajiona bingwa.

Nikapanda bodaboda. Kufika Kalerwe, kwa kina Prossy, kushuka kukanishinda. Kiuno kilikuwa kimeshika kile chuma cha nyuma cha pikipiki. Dereva alinikumbatia akanivuta kwa nguvu huku wauza nyanya wakitutazama, kisha akaniuliza kwa upole kama nimepona. Hapo ndipo mtu mwenye akili angefungua ile leso. Mimi nilitengeneza kola.

Nikaingia ndani ya ua. Mzee hayupo. Prossy yuko kazini Luzira. Nyumbani kuna mtu mmoja tu: Maama, mamake Prossy.

Kama hukuoa huku nikueleze. Mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai pamoja, ikiwezekana hata macho yasikutane. Kwetu Bungoma ni hivyo hivyo, kwa hiyo hapo sikuhitaji mwalimu. Maama alikuwa akianika nguo. Aliponiona akajifunika uso kwa taulo iliyolowa, akageukia ukuta.

"Mzee hajaludi," akasema. "Ngoja hapo kwa geti."

Heshima ikanipanda kichwani. Mtu mwenye adabu hamgeuzii mama mkwe mgongo kama anayemsusia. Nikainamisha kichwa, nikaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, nikimshukuru kwa Kiganda changu kibovu.

PAA!

Lile geti ni la bati zito jeusi. Lilinipokea kiunoni hadi meno yakagongana. Nikajaribu kusogea. Wapi! Nikajaribu kushoto. Wapi! Mkono ukatafuta fundo: fundo liko mgongoni, katikati yangu na geti, na shati nalo limebanwa humo humo.

Nikajifanya nimependa tu kuegemea. Jua likawaka. Mwishowe nikamwambia Maama, nikitazama mawinguni, kwamba nimeshikwa na geti na naomba kisu nikate kitambaa. Hakuuliza swali hata moja. Alileta kisu, taulo usoni, akipapasa njia kwa miguu. Kunipa mkononi hawezi. Akakiweka chini, mbali kidogo, akakimbilia jikoni.

Mimi na kisu tukatazamana. Kuinama siwezi. Nikakivuta kwa ncha ya kiatu, nikakipakia juu ya kiatu, nikainua mguu mpaka karibu na kiuno, na hapo kikaruka chenyewe kikanigandama ubavuni, ubapa kwa ubapa, hakibanduki. Asante Mungu si makali. Sasa nilikuwa nimefungwa, tena nina silaha.

Ndipo honi ikalia nje. Mzee amerudi! Na ndani ya gari yuko Ssenga, dada yake, yule shangazi ambaye neno lake katika mambo ya ndoa halipingwi. Honi ikalia tena. Maama akatoka jikoni, taulo usoni. Sijui alifikiri nini. Labda alifikiri nimeshanasuka. Akavuta komeo, akasukuma.

Geti lile hufunguka kwenda barabarani.

Nilitoka nalo, jamani. Polepole, visigino vikiburuzika, mikono imetandazwa, kisu ubavuni. Bodaboda wote wa stejini wakasimama juu ya pikipiki zao. Mwanamke mmoja akaangusha kabichi. Nikazungushwa mpaka nikawa uso kwa uso na dirisha la gari la Mzee. Akateremsha kioo taratibu.

"Wafula," akasema. "Ni kazi gani hiyo?"

Mkwe husalimia akiwa ameinama. Nikajaribu kuinama, geti likakataa. Nikamwambia kwa heshima ya Kiganda, "Karibu nyumbani, ssebo."

Ssenga ndiye aliyeshuka. Yeye hana mwiko na mimi. Akatoa mkasi kwenye mkoba, akapandisha shati, akakata leso kwa mbele. Nikatoka mbio kwa furaha. Hatua ya kwanza nilikuwa huru. Hatua ya pili suruali ilikuwa kwenye vifundo vya miguu, na mimi nimelala chali mbele ya gari, boksa yangu ya mananasi ikisalimia umma. Na Maama, kwa kusikia kishindo, alikuwa ameshusha taulo.

Kicheko cha steji sikielezi. Mzee hakucheka. Alifunga geti (sumaku zingali juu yake), akatusimamisha uani. Akasema kama mimi ni mkwe wake, nimevunja mwiko na nitaleta mbuzi wa kuondoa aibu. Kama si mkwe, basi mwanamume wa barabarani amevua nguo mbele ya mkewe, na hilo ni la polisi. Mtambo hajauona ukiwaka, kwa hiyo kwake mimi bado ni fundi wa redio. Akatoa simu.

Nikashika suruali kwa mikono miwili. Nikaona Prossy ananiponyoka hivi hivi, na machozi yakanilenga, sisemi uongo.

Sauti ikatoka jikoni, nyuma ya mlango.

"Mzee, mimi nimefunika macho toka huyu mutu amefika. Kisu nimeweka chini. Sasa niambie, nani anafunika macho sababu ya fundi wa ledio?"

Mzee akatazama mlango. Akamtazama Ssenga. Ssenga akasema kwanjula itakuwa mvua zikiisha, na mbuzi aje kabla. Simu ikarudi mfukoni.

Kwa hiyo nimekubaliwa, wandugu. Taa haijawaka, sumaku ziko getini, na mtaimbo ambao Mzee alichukua kuzibandua nao umeganda pale pale. Anayetaka kucheka acheke, ila ndiye atakayemburuta mbuzi mpaka Kalerwe. Kiuno changu hakivuti tena kitu.