Papa wa Kukodi

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Baridi. Vumbi. Wachelewaji wamejaa getini, wote na hadithi moja: foleni ya maji. Nikawapigisha magoti. Mimi, Balagizi, mwalimu wa nidhamu wa shule yetu ya sekondari hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, sina mchezo.

Saa nne Madame Sophie, mkuu wetu, akatukusanya. Ijumaa anakuja mgeni kutoka Lilongwe, bwana wa shirika linalotupatia vitabu na chaki. Anataka kuona wazazi wanavyosaidiana na shule katika nidhamu. Mgeni akishaondoka, Madame atamtaja naibu mkuu. Ni mimi au Annuarite, mwalimu wa biolojia. Naibu ana ofisi yenye mlango! Mimi meza yangu iko kwenye korido, jirani na ndoo ya kunawia mikono, na wanafunzi wananirushia maji kwa makusudi.

Annuarite akasema atapita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi waje. Kwa miguu. Nilimhurumia. Mzazi gani ana nafasi siku ya Ijumaa? Wengine wako mashambani, wengine wanauza sokoni kule Mponela, wengine wanahangaika na maisha Lilongwe, Area 49. Mwenye akili hatembei. Anakaa na kufikiri.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimekaa. Sijafikiri bado.

Asubuhi nikamwita mzazi wa Cadeau, kijana wa kidato cha tatu aliyeruka ua. Kijana akaja na baba yake, mzee wa koti la kahawia. Mzee akavua kofia, akapiga goti moja, machozi haya hapa. Akasema tumusamehe, mutoto si mubaya, ni barafiki njo banamuharibu, atabadilika, yeye mwenyewe atamufwatilia. Nililainika kabisa. Cadeau akasamehewa.

Saa nane akaja Merveille, binti aliyemtukana mwalimu wa hesabu. Naye na baba yake. Koti lile lile. Machozi yale yale. Barafiki wale wale.

Nikamzuia mzee. Kumbe ni Lwaboshi, fundi cherehani wa sokoni. Hakuona haya hata kidogo. Akasema hapa kambini kila mutu mukubwa ni papa ya batoto bote, na yeye anachukua soda tu. Tangu mwaka wa shule uanze, nusu ya kidato cha tatu ni watoto wake. Na mimi niliripoti kwa Madame Sophie kwamba mwaka huu akina baba wanajitokeza sana!

Ningemfukuza palepale. Lakini ndipo nilipofikiri.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mambo safi. Nimemfuata Lwaboshi kwenye cherehani yake. Ijumaa atasimama kama msemaji wa wazazi na kuniombea mimi kwa mgeni. Ni soda mbili, kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Akauliza aseme nini. Nikamwambia aseme vile anavyosema siku zote, ila aseme juu yangu. Maelezo mafupi na wazi. Ndivyo naibu anavyotakiwa kuongea.

Jioni nikakutana na Annuarite, vumbi mpaka magotini. Akina mama kadhaa wamemwahidi kuja. Nikampa pole ya moyoni. Au tuseme, ya karibu na moyo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimenyoa ndevu. Arlène, mke wangu, akauliza ninanyolea nini katikati ya wiki. Nikasema ni siri ya kazi. Akasema siri yangu ya mwisho ilimgharimu nafasi yake kwenye kwaya, na mpaka leo akina mama wanamuuliza habari za yule kuku wa sadaka aliyetoweka. Nimekataa kubishana. Mke wa naibu atabadilika mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wazazi wa Annuarite walijaa darasa zima, wengine wamesimama dirishani. Sawa. Sikushtuka. Mgeni haelewi Kiswahili, kwa hiyo Madame Sophie akamweka Annuarite kuwa mkalimani. Hapo nilishtuka kidogo.

Lwaboshi akainuka. Koti limepigwa pasi. Akavua kofia. Akapiga goti. Nikajisemea moyoni, goti la nini tena?

Akasema: "Mukubwa, utusamehe. Huyu Balagizi si mubaya. Ni barafiki njo banamuharibu. Kuchelewa, uongo, kuruka ua, ile mambo ya kuvuta nyuma ya choo, yote ataacha. Musimufukuze. Mumupatie nafasi moja tu."

Annuarite akatafsiri neno kwa neno. Hakuruka hata moja. Sijawahi kuona ukatili wa namna ile.

Mgeni akaandika. Akauliza haya yameanza lini. Lwaboshi akajibu kwa uchungu kwamba ni tangu mwanzo wa mwaka. Nikasimama kukanusha. Lwaboshi akanivuta mkono wa shati, akaniambia kwa upole nipige magoti, mwanangu. Na mimi nikapiga! Sielewi kwa nini. Yule mzee ana sauti. Akina mama wakaitikia amina, na mmoja akanipitishia leso.

Mgeni alipotoka alinishika bega, akasema zikomo, yaani asante, kwa ujasiri wangu.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Ofisi yenye mlango amepewa Annuarite. Nimeusikia ukifungwa. Unafungwa vizuri.

Lwaboshi naye, kwa jinsi alivyomliza mgeni, amechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Alikataa soda zangu. Akasema mwenyekiti hapokei vitu mkononi.

Madame Sophie ameniita. Nikamweleza kwamba sivuti, siruki ua, sijawahi. Akauliza kama ni hivyo, kwa nini nilipiga magoti. Nikamwambia yule mzee ana sauti. Akaamua: Jumatatu saa mbili nifike mbele ya kamati hiyo ya wazazi, na nije na mtu wa familia anayenijua vizuri, athibitishe tabia yangu. La sivyo, nidhamu nayo apewe mwingine, na mimi nirudi kufundisha Kifaransa kidato cha kwanza. Watoto sabini. Niliogopa sana, nasema kweli.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Kanisani sikusikia hata neno la mahubiri. Nilikuwa nahesabu jamaa. Mtu anayenijua vizuri ni Arlène. Tatizo ni hilo hilo, ananijua vizuri. Ukimuuliza, atajibu.

Baada ya ibada nikapita kituo cha kabaza, nikampata Niyibizi amekaa juu ya baiskeli yake, anangoja abiria. Kijana mtulivu, uso wa huruma. Tumeelewana. Kesho atakuwa kaka yangu mkubwa. Nimemwazima koti na tai, nimemfundisha kuvua kofia, na machozi anayaweza, amenionyesha. Umri tu ndio unanipa wasiwasi kidogo. Yeye ana miaka ishirini na miwili, mimi arobaini na sita. Tutampaka unga wa nsima, ugali wa huku, kwenye nywele zifanane na mvi.

Akauliza aseme nini. Nimemwambia si kazi ngumu: aseme ni marafiki ndio wananiharibu.