Mafuta Safi ya Bibi Leokadia

Ijumaa, 13 Desemba 2019
Bibi Leokadia, jirani yangu mjane, kaambiwa na daktari kuwa damu yake ina mafuta mengi. Nami nimesoma katika gazeti la mji wetu wa Poznan: mbegu za kitani zina lignani, kitu ambacho huenda kikausaidia moyo. Mashine ya kukamulia ya marehemu baba ninayo. Gunia la kitani ninalo. Nikimponya, lazima anialike Mkesha wa Krismasi. Mwaka wa nne huu nala samaki peke yangu, redio ikiniimbia. Inatosha!

Jumapili, 15 Desemba
Nimekamua. Nimechuja mara tatu kwa soksi mpya. Mafuta yanang'aa! Mashudu, machafu yale, nimempa Seweryn, mwokaji mstaafu wa ng'ambo ya barabara, ambaye naye anammezea mate Leokadia. Nikamwambia awape nguruwe wake. Akashukuru mno. Mjinga.

Alhamisi, 19 Desemba
Balaa! Seweryn kayasaga mashudu, kaoka mkate, kampelekea Leokadia. Bibi anausifu mkate huo kwa mtaa mzima. Nikakimbilia duka la dawa kwa Bi Otylia. Akanieleza kwamba lignani hukaa kwenye ganda la mbegu, kwenye mafuta ni kama hazimo. Na bakteria wa tumboni ndio huzigeuza zikaufaa mwili. Kwa hiyo, mzee wangu, akasema, dawa umempa Seweryn, wewe umebaki na cha kumwagia viazi. Nikamuuliza, je, nikichuja zaidi? Akanitazama kwa huruma.

Jumanne, 24 Desemba
Nilikwenda na chupa yangu hivyo hivyo. Kila nyumba leo huweka sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Nilikusudia niwe mimi. Nikamkuta Seweryn keshakaa, na mkate wake. Nikasimama mlangoni, nikajiona mzee kweli. Leokadia akanishika mkono. Akaniuliza nadhani miaka yote minne sahani ile alikuwa akimwekea nani, mbona nimechelewa hivyo. Nikalia kidogo. Nikasingizia kitunguu.

Akamimina mafuta yangu juu ya samaki, tukala. Wakati wa kuagana akaniambia mwakani nije mikono mitupu, dawa yangu haihitaji.

Nimerudi, nimewaza sana. Hahitaji dawa. Basi kapona! Kwa kijiko kimoja tu! Kesho kutwa nakamua gunia lote lililobaki, nachuja mara saba. Mashudu atachukua Seweryn.