Mashine Iliyolilia Jina

Jumatatu, 1 Machi 1999

Leo umaskini umenikimbia! Kompyuta imefika kutoka Kisumu, imefungwa kwa blanketi. Nimeiweka sebuleni kwa Mama Pascalia, mjane wa marehemu baba mkubwa Andati, kwa sababu moja tu: nyumba yake ina simu. Andati alifanya kazi posta maisha yake yote. Hapa Amalemba hakuna laini safi kama ile aliyoacha.

Mpango: kila asubuhi naingia kwenye intaneti, kwenye ukurasa wa Nairobi unaochambua hisa kwa ada ndogo. Natoa nakala. Nawauzia walimu na wakulima wa miwa kwa bei ya chai na mandazi. Mwananchi wa kawaida ajue hisa ya kununua kabla gazeti halijafika! Gazeti hufika saa saba, na Kipkemboi muuza magazeti huwakodisha watu ukurasa wa hisa wausome wakiwa wamesimama. Mnyonyaji. Wiki hii kibanda chake nakifunga.

Baadaye: modemu imelia tangu mchana, Nairobi haishikiki. Kipkemboi amepita dirishani akauliza kama nimeanza kazi ya yaya.

Jumanne, 2 Machi

Inalia. Mlio mwembamba, kisha kukoroma, kisha inaanza upya. Mama Pascalia aliacha maharagwe yake akaja kusimama mlangoni. Akasikiliza. "Hiyo si mbovu," akasema. "Hiyo inalilianga jina."

Kwetu mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, wazee humtajia marehemu mmoja mmoja. Jina likimnyamazisha, basi huyo ndiye anayetaka kuitwa. Nikacheka. Nina cheti cha kidato cha nne, mimi! Yeye akaanza bila ruhusa. Awinja? Inalia. Navalayo? Inalia. Andati?

Ikanyamaza. Ukurasa ukafunguka.

Nje Posta akanguruma. Posta ni fahali wa marehemu, bingwa wa mapambano ya mafahali, na tangu mazishi hakuwa ametoa sauti. Nikageuka. Alikuwa ameegemeza pua kwenye nondo za dirisha, anatazama kioo cha kompyuta. Nywele zilinisimama. Halafu nikachapa nakala kumi.

Alhamisi, 4 Machi

Wateja! Mwalimu Jepkorir amekuja na wenzake watatu. Mbele ya wasomi nilikataa kutaja jina la mtu aliyekufa. Mashine ikalia hadi mmoja wao akaziba masikio. Nikainama kama natafuta waya, nikanong'ona, "Andati." Kimya. Jepkorir akauliza nimesema nini. Nikamwambia ni neno la siri. Akaliandika kiganjani.

Jambo moja la ajabu. Kampuni zote zina bei na uchambuzi, isipokuwa Misumari Magharibi. Mstari wake mtupu. Nimefungua tena, mtupu. Mama Pascalia anasema Andati alipokuwa hataki jambo alinyamaza hivyo hivyo, ungemuuliza hadi uchoke. Mimi nimeelewa vizuri zaidi: wakubwa wa Nairobi wanaificha, wanainunua wao kwa wao! Lazima niingie. Nahitaji mtaji.

Nikamtazama Posta dirishani. Posta alikuwa ameshaanza kunitazama.

Jumamosi, 6 Machi

Nimemuuza Posta. Haya, nimeandika.

Mama Pascalia alikuwa sokoni. Osundwa wa Shianda alikuja na kamba na wanaume wanne, lakini fahali hakupigana. Alifuata tu, shingo imegeukia nyumba mpaka walipokata kona. Mama aliporudi nikamwambia amepelekwa kwa daktari wa mifugo. Akauliza anaugua nini. Kwato, nikasema. Zote nne.

Jumamosi ijayo ni kumbukumbu ya mwaka mmoja. Posta ndiye wa kuongozwa hadi kaburini, ndiye pekee aliyebaki kwa Mama kutoka kwa mume wake, na bila yeye, Mama anasema, Andati hatatulia. Lakini nina wiki nzima! Hisa zitapanda, nitamnunua tena, na faida itabaki mfukoni. Mama amemwekea chumvi yake juu ya jiwe kama kawaida. Sikupenda kuiona ile chumvi.

Jumanne, 9 Machi

Jana dalali wa Kisumu alininunulia Misumari Magharibi. Leo mashine inalia, na jina la Andati haliinyamazishi tena. Wateja wamehamia wote kwa Kipkemboi, hata Jepkorir na kiganja chake.

Nimechomoa waya wa umeme. Bado inalia.

Mama Pascalia akainua simu. Akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia "ee, ee" kama mke anayepokea maagizo. Akaiweka chini polepole. "Anauliza Posta ako wapi," akasema. Nikamwambia laini zimeingiliana. Machozi yalimtoka akiwa amesimama wima. Niliona haya, kwa kweli. Niliona haya hadi chakula kilipoiva.

Jumatano, 10 Machi

Imelia asubuhi yote. Mama ametaja marehemu wote wa ukoo, hadi wale wa Butere ambao hakuwaona. Inalia tu. Mwisho akachoka, akaenda jikoni, akasonga obusuma, ugali wetu, akaniita nile. "Protus!"

Ikanyamaza.

Mama akatoka na mwiko mkononi. Akaniangalia kana kwamba nimelazwa kusubiri kuzikwa. Akanisihi niondoke leo, nisipite karibu na zizi, nisishike kamba ya mnyama yeyote. Akaniita mwanangu, neno ambalo sijawahi kulisikia kwake. Nikamwambia afurahi! Mashine imemjua mwenyewe hatimaye.

Nikachomeka waya. Mstari wa Misumari Magharibi umejaa: bei imeanguka nusu. Nusu! Mwoga angeita hasara. Mimi naona bei rahisi, na lazima ninunue zaidi.

Na mtaji umekuja wenyewe! Posta yuko langoni. Amekata kamba akatembea peke yake kutoka Shianda, matope hadi magotini. Mama alimkimbilia na chumvi, fahali hata hakuigusa. Anatazama dirisha langu na kukwaruza ardhi.

Mtu wa Matungu atamchukua kesho asubuhi, na Osundwa hatajua. Wanaume wanne ni gharama ya bure. Nitamwongoza mwenyewe. Sasa hivi nimemwita dirishani ili anizoee, nikamwambia mimi ni Protus. Akaacha kukwaruza, akatulia kabisa. Tutaelewana.