Programu Inayosikiliza Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Februari
Daktari Kusunoki ameniwekea programu kwenye simu. Kila asubuhi niiambie hali yangu, nayo ipime sauti na kuchora mstari. Mstari ukipanda, nitarudi stesheni kutangaza treni. Tangu sonona inishike vuli iliyopita sijagusa kipaza sauti. Kazi rahisi! Nimesimama wima, nikatangaza kwa sauti ya stesheni kwamba sijambo kabisa. Programu imejibu kuwa nasikika kama mtu aliyekata tamaa. Sauti iliyoongoza abiria miaka yote ile! Matusi.

Jumanne, 4 Februari
Jirani Ikegami, mgonjwa mwenzangu, kanionyesha mstari wake. Unapanda kama ngazi ya hekaluni. Akanipoza, eti nisijali, ndugu Shibutani, wengine huchelewa. Mnafiki!
Mpango mpya. Mke wangu Fumie akitazama vichekesho kwenye televisheni hucheka mpaka machozi. Nimeficha simu chini ya mto anaouegemea akitazama.

Jumatano, 5 Februari
Mstari umegonga dari. Daktari kapiga kabla sijanywa chai, akihofu furaha imenipanda kichwani: Je, nimelala? Nimenunua gari? Fumie kauliza, we baba, ukiidanganya simu, atakayepona ni nani, simu? Nikachukua simu nikatoka. Nilikuwa na shughuli.

Ijumaa, 7 Februari
Ikegami kasukumia theluji ya kwake langoni pangu! Mtaa mzima huu hakuna anayethubutu kunifanyia hivyo! Nilisahau kuwa programu inasikiliza. Nimemchamba hadi pumzi ikaniisha. Halafu, sijui vipi, nikaendelea: kwamba nakiogopa kipaza sauti, kwamba naamka mzito kama gunia la mchele lililolowa. Nikalia kidogo. Kidogo tu. Kisha nikala bakuli mbili za wali.

Jumatatu, 10 Februari
Daktari kachekelea. Eti Ijumaa ndiyo mara ya kwanza kunisikia mimi mwenyewe. Wiki ijayo naanza stesheni, nusu siku! Fumie kapika wali wa maharage mekundu, kama wa harusi.
Siri nimeijua: ni Ikegami. Nikimlaani kila asubuhi, nitapewa siku nzima. Nimetoka mbio kumtafutia kosa jipya. Nimemkuta anazoa theluji langoni pangu, anainama, ananiomba radhi, kaniletea na kachumbari ya figili. Tamu pia. Balaa!
Lazima nipate adui mwingine. Dada yake Fumie anakuja Alhamisi, naye supu yangu haijawahi kumpendeza. Simu nimeshaichaji.